“Ni panya tu”: dhana potofu kuhusu wanyama wadogo wanaobeba magonjwa

“Tazama picha hii, utuambie ni spishi gani.” Ombi hili la wanaotega wanyama kwa uchunguzi wa magonjwa halikomi, na ndani yake mna dhana inayoharibu kazi nyingi: kwamba rangi na ukubwa vinatosha kumtambua mnyama.

Havitoshi. Chukua panya shamba wa Afrika, jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Mastomys. M. natalensis na M. coucha, hata ukiwalaza mezani bega kwa bega, jicho halitawatenganisha. Ukihesabu kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, wa kwanza ana 32 na wa pili 36. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu: kusini mwa Afrika, tauni humuua M. coucha kwa urahisi, ilhali M. natalensis huistahimili zaidi. Afrika Magharibi, M. natalensis ndiye mbebaji mkuu wa virusi vya Lassa, vinavyosababisha homa kali kwa binadamu, na kuna maeneo anakoishi pamoja na M. erythroleucus, mwenye kromosomu 38, wanaofanana mno. Ukiandika “panya shamba” kwenye fomu ukaishia hapo, majibu ya maabara yatakosa mwenyewe.

Picha ya mgongoni huficha alama muhimu. Vaa glovu na barakoa, mgeuze chali. Jike mzima wa Mastomys ana chuchu 16 hadi 24, mistari miwili mfululizo. Rattus rattus, panya wa darini, ana 10 au 12, na kuna nafasi kati ya za kifuani na za tumboni. Hapo umefika kwenye jenasi tu, tena kwa majike wazima. Kisha pima uzito, kichwa na mwili, mkia, wayo wa nyuma na sikio. Kwenye wayo, andika kama umejumlisha kucha au la, maana milimita moja au mbili zinatosha kupotosha utambuzi.

Neno la mwisho hutoka kwenye jeni, kwa kawaida ile iitwayo saitokromu b, ambayo mpangilio wake hutofautisha spishi. Kata kipande cha ini au sikio kisichozidi milimita 5, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo mara kumi ya nyama. Kipande kikubwa huoza katikati kabla ethanoli haijapenya. Na tafadhali, msitie formalini, dawa ya kuhifadhia maiti! Huhifadhi umbo vizuri, lakini huiharibu DNA. Fuvu nalo litunzwe kwa namba ileile ya sampuli. Likitupwa, utambuzi ukitiliwa shaka hakuna pa kurejea.

Dhana nyingine: “Kirukanjia ni panya mdogo.” Mfungue mdomo. Panya ana pengo kati ya meno ya mbele na magego. Kirukanjia ana meno yenye ncha, safu isiyo na pengo hilo. Ni oda nyingine (kundi kubwa kuliko jenasi), yenye virusi vyake: virusi viitwavyo Thottapalayam, vya jamii ya hanta ambayo hubebwa na wanyama wadogo, vilipatikana kwa kirukanjia Suncus murinus nchini India mwaka 1964. Popo naye ana oda yake.

“Spishi ileile, ugonjwa uleule.” Hapana. M. natalensis ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, lakini Lassa ni ya Afrika Magharibi. Wa Tanzania wamekutwa na virusi vya Morogoro, ambavyo havijulikani kumfanya binadamu augue. Kwa hiyo andika latitudo na longitudo za kila mtego.

“Mwenye ugonjwa ataonekana.” Panya mwenye Lassa hula na kuzaa kama kawaida, huku virusi vikitoka kwenye mkojo wake.

“Akishakufa hana madhara.” Mzoga ukipoa, viroboto wa tauni huuhama kutafuta damu kwingine. Utie kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga ungali na joto.