Kigumishi cha sakafu ni nini?

Kigumishi ni dawa ya maji inayomwagwa juu ya sakafu ya zege ili izame na kulikaza kutoka ndani. Si rangi, kwa hiyo haiachi utando juu unaoweza kubanduka.

Anayeihitaji utamtambua upesi. Gereji imefagiliwa asubuhi, na jioni unga ule ule wa kijivu umerudi kwenye spana na viti vya magari. Watu husingizia vumbi la barabarani, kumbe ni sakafu yenyewe inayosagika.

Chanzo huwa siku ya kumwaga zege. Fundi huongeza maji ili kazi iwe laini, kisha maji hayo hupanda juu yakibeba chembe nyepesi. Akipitisha mwiko kabla hayajakauka, au akinyunyiza simiti kavu ili iyafyonze, tabaka la juu hubaki dhaifu. Halafu kuna kumwagilia. Sakafu mpya inastahili kukaa na unyevu angalau siku 7, lakini hapa Nairobi maji ni ya mgao, na anayenunua kwa mitungi ya lita 20 huona ni hasara kuyamwaga sakafuni. Jua la Januari humalizia kazi.

Vigumishi vingi ni kemikali iitwayo sodiamu silikati. Simiti ikishakaza huacha chokaa ndani ya zege. Silikati ikikutana na chokaa hiyo hutengeneza gundi ya aina ile ile inayoshikilia zege, na vinyweleo huziba.

Kabla ya kununua, kwaruza sakafu kwa msumari. Ukichimba mfereji bila kutumia nguvu, tabaka hilo lazima lisagwe kwa mashine kwanza mpaka ufikie zege imara, maana dawa haiwezi kukaza mchanga mtupu. Kisha dondosha maji. Yakikaa juu kama shanga badala ya kuzama, kuna oili, na hata kigumishi hakitazama. Osha kwa sabuni kali ya kutoa mafuta mpaka maji yanyonywe.

Sambaza dawa kwa ufagio, uiache sakafu imelowa kwa muda ulioandikwa kwenye mtungi, kisha suuza mabaki yote. Yakikaukia juu huganda meupe, na kuyatoa ni kazi ngumu. Vaa glavu na miwani, kwani dawa hii huunguza ngozi na macho.

Rangi ya epoksi, ile ngumu inayoacha utando juu ya sakafu, ni nzuri, ila ukiipaka juu ya tabaka bovu itang'oka nalo, mara nyingi pale tairi lenye joto linaposimama.

Na kwa anayesaga: vumbi la zege lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), ambayo huharibu mapafu yasipone tena. Leso mdomoni haitoshi. Mnunulie fundi barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za vumbi, au bora zaidi, na mashine iwe na kifyonza vumbi.