Damu ikiruka, funga na kaza kweli

Mtu aking'atwa na nyoka, watu wanakimbilia kamba. Mtu huyohuyo akigongwa na bodaboda, damu ya mguu inaruka kama bomba, hakuna anayethubutu kufunga, eti mguu utakatwa. Jamani tunafanya kinyume kabisa! Wa nyoka usimfunge kamba, mtulize asitembetembee, muwahishe hospitali. Wa damu ndo wa kufunga.

Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa ndani ya dakika chache, ambulensi haijaondoka hata kituoni. Kwa hiyo cha kwanza kandamiza, chukua khanga au tisheti, weka juu ya kidonda, bonyeza kwa uzito wako wote na usichungulie kila saa kuona kama imeacha. Ikiwa ni mkono au mguu na damu bado inaruka au inalowanisha kila unachoweka, hapo ndo mkanda wa kukaba damu, sisi wa idara ya dharura tunauita tonikwiti.

Huna? Watu wengi hawana. Kunja khanga ibaki upana wa vidole vitatu, zungushia mara mbili juu ya kidonda, yaani upande wa moyoni, vidole vinne kutoka kwenye kidonda, usifunge kwenye goti wala kiwiko. Funga fundo moja, laza spana juu yake (bodaboda wengi wanayo chini ya siti), funga tena halafu zungusha mpaka damu isimame, kisha banza spana isijirudi. Waya na kamba za viatu hapana, zinakata nyama, na mkanda wa suruali mara nyingi haukazi vya kutosha.

Nasema isimame, sio ipungue. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanamwonea huruma wanafunga nusunusu. Ukifunga kilegevu unaziba mishipa inayorudisha damu moyoni huku ile inayoleta bado inaleta, sasa damu inazidi kutoka. Atapiga kelele, atakutukana, kaza tu, maumivu hayo ni ya kawaida. Ikigoma, funga mkanda mwingine juu ya ule wa kwanza, yaani upande wa moyoni.

Na huo woga wa kukatwa mguu, hata sisi tukipasua mguu tunaukaba hivyohivyo, na ukikaa umekabwa kwa muda wa kama masaa mawili kwa kawaida hauharibiki. Madaktari wa jeshi la Marekani waliotibu majeruhi Baghdad walichapisha mwaka 2009 kwamba waliofungwa kabla hawajaishiwa nguvu kwa kupoteza damu, kama 90% walipona, waliocheleweshwa ni kama 10% tu, na hakuna aliyepoteza mguu kwa sababu ya kufungwa.

Shingo, kwapa na kinena havifungiki. Kwapa na kinena sindilia kitambaa ndani ya kidonda na ukandamize, shingo kandamiza tu bila kumkaba pumzi.

Ukishafunga andika saa, hata kwa peni kwenye paji la uso, usilegeze njiani eti damu ipite kidogo, kazi hiyo tuachieni sisi. Na usimfunike shuka pale ulipofunga, mkifika mapokezi mwambieni nesi wa kwanza kabisa, kafungwa wapi na saa ngapi.