Huruma ilipogeuzwa kuwa usaliti: dhana potofu kuhusu maadili ya wenye itikadi kali

Dhana: "Wale hawana maadili, ni mashetani tu."

Taja mwaka 1994 mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, wazee watakukumbusha samaki. Mto Kagera ulibeba maiti za mauaji ya kimbari ya Watutsi kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na kwa muda watu wengi pande za ziwa waliogopa kula samaki. Hukumu ya kijiweni kwa wauaji ni hiyohiyo: mashetani. Hasira hiyo naielewa, ila shetani hahitaji kuhubiriwa miaka mingi ndipo aue. Hawa walihubiriwa.

Ukweli: itikadi kali ina maadili yake, tena yenye masharti magumu. Desemba 1990 Kangura, gazeti la Rwanda la Wahutu wenye itikadi kali, lilichapisha "Amri Kumi za Wahutu". Anayeoa mwanamke wa Kitutsi ni msaliti. Anayefanya biashara na Mtutsi, msaliti vilevile. Amri mojawapo inawataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Watu wasio na huruma huandikiwa amri hiyo ya nini? Waliotunga walijua huruma ipo, wakaifanya kosa.

Heinrich Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani kilichosimamia mauaji ya Wayahudi, naye aliijua huruma hiyo. Tarehe 4 Oktoba 1943, mjini Posen, aliwalalamikia majenerali wa SS kwamba kila Mjerumani ana Myahudi wake mmoja mwema anayemwombea asiguswe. Akawasifu kwa kusimama mbele ya mamia ya maiti na bado, kwa maneno yake, kubaki waungwana. Kuwaangamiza Wayahudi, alisema, ni haki na wajibu wao kwa taifa. Lakini atakayejichukulia hata marki moja ya mali za waliouawa, atakufa. Hata sigara, hapana! Mtu huyo hakukosa mizani ya mema na mabaya. Aliwatoa binadamu wengine nje ya mizani hiyo, basi.

Na tusijione tuko mbali. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni tu, na wauaji wakaamini wanaokoa ukoo na uchawi. Hiyo si siasa, lakini hesabu yake ni ileile.

Dhana: "Ni ujinga wa wasiosoma."

Ukweli: Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji, alikuwa mwanahistoria wa chuo kikuu.

Dhana: "Kusema wana maadili ni kuwatetea."

Ukweli: kueleza imani ya muuaji hakumpunguzii hatia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilichambua matangazo na makala hizo neno kwa neno. Desemba 2003 ikawapa kifungo cha maisha Nahimana na Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya mashtaka, adhabu zikashuka hadi miaka 30 na 35, lakini hatia ya uchochezi ikabaki kwa wote wawili.