Kwa nini friji huunguruma zaidi usiku?

Kwenye nyumba nyingi za kupanga Majengo au Pasua, hapa Moshi, friji hukaa sebuleni, hatua chache tu kutoka kitandani. Mchana haisikiki. Usiku redio zikizimwa na bodaboda zikipungua, inaanza kuunguruma hadi mtu anawaza kumpigia fundi. Mara nyingi ni mlio uleule wa mchana, ila sasa hakuna cha kuufunika.

Mlio huo unatoka kwenye kompresa, lile dude jeusi lililo chini kwa nyuma. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na sumaku ya mota huvuta mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo kompresa ya kawaida hutetemeka mara 100 kwa sekunde, na ndiyo maana imekalishwa juu ya raba. Raba zikikakamaa kwa uzee, mtetemo unahamia kwenye bodi, kisha sakafuni, kisha ukutani.

Jaribu hivi ikiwa inaunguruma: bana kiganja ubavuni mwa friji, kisha isukume kidogo. Kelele ikibadilika au ikikata, shida ni mkao. Ivute mbali na ukuta, na uzungushe miguu ya mbele mpaka isimame bila kuyumba. Kisha chomoa waya, uchungulie nyuma. Juu ya kompresa kuna kitrei cha plastiki kinachopokea maji ya barafu. Kikilegea hugongagonga kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Bomba mbili za shaba zikigusana nazo hulia. Zitenganishe taratibu bila kuzikunja, maana zikipasuka gesi yote inatoka.

Ule mlio wa maji yanayobubujika kompresa ikizima usikutie hofu: ni gesi inatulia ndani ya bomba. Mlio wa "ta!" ni plastiki inayojikunja na kujinyoosha kwa baridi na joto. Friji ya "no frost", yaani isiyojaza barafu kwenye kuta zake za ndani, ina feni ndani. Ikikwaruza, huenda barafu imeganda kwenye mapanga yake. Izime, acha milango wazi mpaka iyeyuke yote.

Januari na Februari, joto la Moshi likipamba moto, kompresa hufanya kazi muda mrefu kuliko ile ya ndugu yako aliye Arusha kwenye ubaridi. Vumbi likijaa kwenye nyavu za nyuma, joto linakosa pa kutokea na kompresa haipumziki. Brashi laini inatosha.

Mlio wa kuogopa ni huu: "tik", inavuma kidogo, "tik", inanyamaza, baada ya dakika kadhaa inarudia. Hapo kompresa inashindwa kuwaka. Huenda umeme ni mdogo, au umekatika na kurudi papo hapo wakati gesi ndani bado ina presha. Chomoa, subiri dakika 5, ndipo urudishe. Ikiendelea na umeme uko sawa, mwite fundi aanze na rilei, kifaa kidogo cha bei nafuu kinachoisaidia kompresa kuwaka.

Fundi akisikia tu mngurumo na kusema gesi imeisha, usimlipe bado. Gesi ya friji haitumiki ikaisha. Hupungua pale inapovuja, na dalili yake kubwa ni friji kutopoza. Mwambie akuonyeshe panapovuja kwanza. Kibandiko kikisema R600a, hiyo ni gesi inayowaka moto: asichomelee bomba mle ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa.