Jicho la muungwana na jicho la mtumwa: matabaka ya zamani yalipimwaje?

Wanafunzi wakija makumbusho wengi wanakuwa wameshakariri ule mchoro wa pembetatu, juu mfalme, chini yake makuhani na waandishi, afu wakulima, chini kabisa watumwa, na wanaamini Babeli (Iraki ya leo), Misri na bonde la Indus (Pakistan na India za leo) kote kulikuwa hivyo hivyo. Hapana jamani. Tabaka linaonekana vizuri zaidi ukiuliza huyu mtu akiumizwa analipwa nini, na mwezi ukiisha anapata nafaka kiasi gani.

Babeli wametusaidia sana maana waliandika waziwazi. Sheria za mfalme Hammurabi, za kama 1750 KK, zilichongwa kwenye jiwe jeusi linalozidi mita 2, likachimbuliwa Susa huko Iran 1901 na sasa liko makumbusho ya Louvre, Paris. Humo kuna awilu, yaani muungwana, kuna mushkenu ambaye yuko huru ila daraja lake liko chini, na kuna wardu, mtumwa. Muungwana akimpofua muungwana mwenzake jicho, na lake linapofuliwa. Akimpofua mushkenu analipa mina 1 ya fedha, kama nusu kilo hivi, basi yameisha. Akimpofua mtumwa wa mtu analipa nusu ya bei ya huyo mtumwa, yaani jicho la binadamu linahesabiwa kama hasara ya bwana wake! Kwa hiyo ile jicho kwa jicho ambayo kila mtu anaitaja ilikuwa haki ya waungwana peke yao.

Hata daktari alikuwa anaangalia nani kalala mbele yake. Upasuaji mkubwa ukifanikiwa muungwana anatoa shekeli 10 za fedha (shekeli ni kipimo kidogo kuliko mina), mushkenu 5, na mtumwa analipiwa 2 na bwana wake, ila muungwana akifia mikononi mwa daktari basi daktari anakatwa mkono, mtumwa akifa anarudisha mtumwa mwingine. Na usidhani mipaka ilikuwa haivukiki, mtu akielemewa na deni aliweza kumtoa mke au mtoto akatumike kwa mdai miaka 3, wa 4 anaachiwa.

Misri ni habari nyingine. Pale Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, mshahara ulikuwa nafaka, fundi wa kawaida magunia 5 na nusu kwa mwezi na msimamizi wake 7 na nusu, tofauti ambayo mimi naiona ndogo mno ukilinganisha na maofisini kwetu leo. Mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme Ramesses III, miaka ya 1150 KK, posho ilipochelewa hao mafundi waliweka vifaa chini wakaenda kukaa kwenye mahekalu wakisema wana njaa na kiu, na wakubwa ikabidi watafute nafaka. Ni mgomo wa zamani kuliko yote tuliyo na maandishi yake, na waliogoma walikuwa watu huru wenye nyumba zao.

Bonde la Indus maandishi yao hayajasomeka hadi leo, kwa hiyo tunaangalia majengo. Mji wao wa Mohenjo-Daro una nyumba kubwa zenye ua na kisima na una vijumba vya chumba kimoja, matajiri walikuwepo, lakini mifereji ya majitaka imepita mitaa mingi na hakuna kaburi la kifalme lililopatikana, wakati Ur, mji wa Mesopotamia (Iraki ya leo), shimo moja tu la makaburi ya kifalme lilikuwa na miili 74, mingi ikidhaniwa kuwa ya wahudumu.