Von Lettow-Vorbeck Lindi na Mtwara: nishani, risasi na unga

Nishani ya Pour le Mérite ni msalaba mdogo wa buluu wenye ncha nane. Kingo zake ni za dhahabu, na kati ya mikono yake wamesimama tai wanne. Ilivaliwa shingoni kwa utepe mweusi wenye mistari ya rangi ya fedha. Mfalme Friedrich II wa Prussia aliianzisha mwaka 1740, na hadi ufalme wa Ujerumani ulipoanguka Novemba 1918 ilikuwa miongoni mwa heshima za juu kabisa alizoweza kupewa afisa wa nchi hiyo kwa kazi ya vita.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, alitunukiwa tarehe 4 Novemba 1916. Wakati huo bandari zote zilikuwa mikononi mwa Waingereza na yeye yuko porini, kwa hiyo aliyempelekea habari hiyo kwa barua alikuwa adui yake, Jenerali Jan Smuts. Nyongeza ya majani ya mwaloni kwenye nishani hiyo ilitolewa tarehe 10 Oktoba 1917. Wapo wanaosema alipewa kwa ushindi wake katika pigano la Mahiwa, mkoani Lindi, lakini tarehe zinakataa: Mahiwa ilianza tarehe 15. Alichokipata baada ya Mahiwa ni cheo cha meja jenerali.

Habari zake za kabla ya kufika huku hazihitaji maneno mengi. Alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, akatumwa China mwaka 1900 wakati wa uasi wa Mabondia, kisha mwaka 1904 akapelekwa Namibia ya leo, ambako alikuwa afisa msaidizi wa Jenerali von Trotha, yule aliyewaangamiza Waherero. Huko alijeruhiwa jicho la kushoto. Maandishi mengi ya kumsifu huruka ukurasa huo. Alifika Dar es Salaam Januari 1914, miezi saba kabla ya vita, akakuta jeshi la makampuni 14, yaani vikosi 14, lenye askari Waafrika takriban 2,500 na Wajerumani takriban 260. Kampuni ya 3 ilikuwa na makao yake Lindi. Mapema mwaka 1916 jeshi hilo lilikuwa limefikia Wajerumani takriban 3,000 na askari zaidi ya 11,000.

Ili kuelewa vita yake, anzia kwenye kampuni. Ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, Wajerumani wasiozidi 20, na bunduki za rashasha mbili hadi nne. Iliandamana na wapagazi wake yenyewe, tena wengi kuliko askari, kwa hiyo iliweza kutembea, kupigana na kurudi nyuma bila kusubiri reli wala gari la ng'ombe. Waingereza walikuwa na watu wengi zaidi na mizinga mingi zaidi, lakini kila kikosi chao kilifungwa na mstari mrefu wa chakula kutoka pwani. Pamoja na hayo Von Lettow alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni bunduki. Askari wake wengi walianza vita na bunduki ya modeli ya 1871, ya baruti nyeusi. Kila risasi moja hutoa wingu la moshi mweupe. Kwenye mapori ya huku moshi huo ukipanda juu ya kichaka, mpigaji amejitangaza, na rashasha ya adui haihitaji kumtafuta.

Hapo ndipo Sudi inapoingia. Machi 1916 meli ya Marie, chini ya nahodha Conrad Sørensen, ilipenya kizuizi cha manowari za Uingereza ikajificha katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Ilileta mizinga minne ya sentimita 10.5, mizinga miwili midogo ya milimani, bunduki za kisasa, mamilioni ya risasi, na dawa. Waliopakia Ujerumani walikuwa wameifikiria njia ya mbele: shehena ilifungwa katika mizigo ya kichwani. Waingereza walipoigundua Marie na kuipiga mizinga mwezi Aprili, ilikuwa imekwisha kupakuliwa. Ikazibwa matundu, ikatoroka usiku hadi Batavia, yaani Jakarta ya leo. Wapagazi wa pwani ya kusini ndio walioitawanya shehena ile bara, mzigo kwa mzigo. Miezi sita baadaye, Septemba 1916, Waingereza waliziteka Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani.

Mwaka 1917 vita ikahamia kwetu kabisa. Tarehe 19 Julai walipigana Narung'ombe, ambayo leo iko Wilaya ya Ruangwa, na kila upande ukaumia vibaya. Kufikia Oktoba, kikosi cha Jenerali Wahle, wa upande wa Von Lettow, kilikuwa kikirudi nyuma taratibu kutoka Lindi kufuata bonde la Mto Lukuledi, huku Waingereza wakimfuata. Mpango wa Waingereza ulikuwa wa akili. Brigedi ya Wanigeria ingetokea kaskazini, ipite nyuma ya Wahle karibu na Nyangao na Mahiwa, imfungie njia, wakati vikosi vinavyotoka Lindi vinamsukuma kutoka mbele.

Mpango uliharibika kwa sababu mbili. Kwanza, Von Lettow alihamisha makampuni yake kutoka upande wa kaskazini kwa haraka ambayo Waingereza hawakuitarajia. Wanigeria waliodhani wanamzunguka Wahle wakajikuta wao ndio waliozungukwa. Pili, kamanda wa Waingereza uwanjani, Jenerali Beves kutoka Afrika Kusini, aliamua kushambulia mahandaki moja kwa moja kwa mbele, tena na tena, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Von Lettow alikwisha kukutana na Beves upande wa Kilimanjaro mwaka 1916 na alijua tabia yake ya kusukuma watu mbele bila kuhesabu. Kwa hiyo aliimarisha katikati ya mstari wake, akawaacha waje.

Waingereza walikuwa takriban 4,900: Wanigeria, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Wahindi na wengineo. Walioanguka, wafu na majeruhi, walikuwa takriban 2,700. Von Lettow alikuwa na watu takriban 1,500 na akapoteza zaidi ya 500. Kwa hesabu ya watu, hakuna pigano jingine kubwa katika kampeni yote ya Afrika Mashariki lililowaumiza Waingereza kiasi hicho kwa kulinganisha na waliokuwepo. Lakini Waingereza waliweza kuziba pengo kwa kuleta wengine, naye hakuwa na wa kuleta. Zaidi ya hapo, siku nne za rashasha zilikausha risasi zake zisizo na moshi. Zilizobaki nyingi zilikuwa zile za mwaka 1871, na mizinga yake ya mwisho ilikuwa haina makombora ya kutosha. Ushindi wa Mahiwa ndio uliomfukuza nchini, na sifa za ushujaa haziligusi jambo hilo.

Kutoka Mahiwa alirudi nyuma hadi Chiwata, kisha Nambindinga, pembezoni mwa Uwanda wa Makonde. Hapo, katikati ya Novemba 1917, alifanya uamuzi uliookoa jeshi lake kuliko pigano lolote. Aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wote wasioweza mwendo mrefu, mamia ya Wajerumani na mamia ya askari, wachukuliwe na Waingereza. Kwinini iliyobaki haikutosha Wazungu wote. Kwa muda mrefu walikuwa wakinywa maji machungu ya gome la mkwinini lililochemshwa, ambayo wenyewe waliyaita kwa utani pombe ya Lettow. Aliondoka na Wajerumani takriban 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000.

Chukua kalamu upige hesabu. Watu 5,000, kila mmoja robo tatu ya kilo ya unga kwa siku, ni kilo 3,750. Mpagazi hubeba kilo 25, kwa hiyo chakula cha siku moja ni mizigo 150. Chakula cha siku 10 ni mizigo 1,500, yaani nusu ya wapagazi wote wamebeba unga mtupu, kabla hujagusa risasi, rashasha na dawa. Na hapo hujawahesabu wake na watoto wa askari, ambao nao walikuwa msafarani. Kuagiza unga kutoka mbali hakusaidii: mpagazi anayetoka ghalani na kilo 25 na kula kiasi kile kile, akitembea siku 16 kwenda na 16 kurudi, amekula karibu mzigo wote.

Hesabu hiyo ina jibu moja tu: jeshi lazima lile kijijini. Ndivyo ilivyokuwa, kwa pande zote mbili. Maghala ya Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua yalifunguliwa kwa nguvu, na wanaume wakachukuliwa upagazi, wengine wakifungwa kamba wasitoroke. Ikumbukwe kwamba maeneo haya yalikuwa hayajapona njaa ya Maji Maji, pale Wajerumani walipochoma mashamba kati ya 1905 na 1907. Daktari Ludwig Deppe, aliyetumika katika jeshi hilo hilo la Von Lettow, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyokuwa inakuja. Kwa upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa katika kampeni nzima hukadiriwa kuwa takriban 95,000, wengi wao kwa kuhara, vichomi na lishe duni. Hakuna kati yao aliyevalishwa msalaba wa buluu.

Wakati Von Lettow anashuka kuelekea Ruvuma, msaada ulikuwa angani. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la injini, L59, lenye urefu wa zaidi ya mita 220, liliondoka Jamboli nchini Bulgaria likiwa na takriban tani 15 za risasi, rashasha na dawa. Lilielekea Uwanda wa Makonde. Halikukusudiwa kurudi: turubai lake lingegeuzwa mahema, kitambaa cha ndani bendeji, na vyuma vyake minara ya simu ya upepo. Likiwa juu ya Sudan, usiku wa kuamkia tarehe 23, liliitwa lirudi, kwa kuwa uwanda uliokuwa utumike kutua ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na Waingereza. Lilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 hewani. Hata lingefika, lingeshusha watu na mizigo mahali ambapo maji hupatikana chini ya magenge, mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Akina mama wa Newala wa zama zile wangewaeleza.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Novemba, Von Lettow alivuka Ruvuma kwenye makutano yake na Mto Lugenda, akaishambulia kambi ya Wareno ya Negomano. Meja Teixeira Pinto aliyeiongoza aliuawa mwanzoni kabisa, na kambi ikaanguka. Askari wakapata bunduki mpya, rashasha sita na risasi takriban 250,000, na zile bunduki za moshi zikatupwa. Ukivuka leo Daraja la Umoja kutoka Mtambaswala, Wilaya ya Nanyumbu, unaingia Msumbiji eneo hilo hilo. Kapteni Tafel, aliyekuwa akitoka Mahenge na kikosi kingine kuja kumfuata, walipishana naye; watu wake hawakuwa na chakula, akajisalimisha siku chache baadaye.

Mwaka uliofuata alizunguka Msumbiji, akarudi Tanganyika Septemba 1918, akaingia Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, na kuweka silaha chini Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100. Machi 1919 aliandamana kwa farasi mjini Berlin kama shujaa asiyeshindwa. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la kupindua serikali na akapoteza nafasi yake jeshini. Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai. Wengi wa waliokuwa wakidai malipo yao walikuwa wamekwisha kufa kabla ya siku hiyo.

Mashamba ya Mahiwa na Nyangao bado hutoa maganda ya risasi wakati wa kulima, na ganda likitazamwa vizuri linasema limetoka upande gani. Tazama kitako. Ganda la .303 la Waingereza lina ukingo uliotokeza nje ya mwili wake, na urefu wake ni milimita 56. La Mauser ya kisasa ya Wajerumani lina karibu urefu huo huo, milimita 57, lakini kitako hakitokezi. Badala yake kuna mfereji uliochongwa kuzunguka. La modeli ya 1871 ni nene zaidi, mdomo wake unaingiza risasi ya milimita 11, na lina ukingo. Ukikuta maganda yamelundikana mahali pamoja, huenda rashasha ilikaa hapo. Yaliyotawanyika kwa mstari ni ya bunduki za mkono. Kwa hiyo usiyaokote na kuyachanganya katika ndoo moja. Yaache yalipo, piga picha pamoja na kitu cha kupimia, andika jina la shamba, kisha mjulishe afisa utamaduni wa halmashauri. Na usiyasugue kwa mchanga wala ndimu, maana maandishi ya kitakoni yenye mwaka na kiwanda ndiyo hufutika kwanza.

Kitu kikubwa kuliko ganda, cha chuma kizito chenye ncha au pete ya shaba kiunoni, ni kombora la mzinga. Miaka 100 haijalifanya salama, kwa sababu kutu hulegeza fataki kabla ya kuila baruti. Usilitikise, usilipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu, usiliwashie moto karibu. Weka alama umbali wa hatua 100, wazuie watoto, na uite polisi.