Mbuzi wa kafara ni yupi hasa?

Wiki iliyopita pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, magunia ya dagaa yakiwa yanashushwa, nilimsikia mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana akilalamika kwamba amefanywa "mbuzi wa kafara". Pesa kazila mwenyewe, daftari linaonyesha.

Mbuzi wa kafara ni mtu anayebebeshwa makosa ya kundi zima, kisha kundi likatulia kwa kumwondoa. Basi.

Kinachoniumiza ni hilo neno "kafara". Ni la Kiarabu, na mzizi wake ni kufunika. Kufuru na kafiri ni ndugu zake. Hata wakulima, katika sura ya 57 ya Kurani, wametajwa kwa neno la mzizi huo, maana hufukia mbegu. Katika sheria ya Kiislamu, aliyevunja kiapo hutoa kafara: alishe maskini 10 au awavishe, na asipokuwa na uwezo afunge siku 3. Anayetoa ni mkosaji mwenyewe, na mbuzi hayumo kabisa.

Mbuzi katoka Mambo ya Walawi 16, na pale wako wawili, wanapigiwa kura. Mmoja anachinjwa kwa ajili ya Bwana. Wa pili ni wa Azazeli: Haruni anamwekea mikono yote miwili kichwani, anaungama juu yake maovu ya Waisraeli wote, halafu anapelekwa jangwani akiwa hai. Tunayemzungumzia siku zote ni huyu wa pili, asiyechinjwa. Biblia ya Kilatini ilimwita mbuzi wa kutumwa, na Wafaransa wanamwita hivyo mpaka leo. Sisi tumewafunga wote kamba moja.

Mwanazuoni Mfaransa René Girard (1923–2015) aliandika sana juu ya mbuzi huyu. Alisema binadamu hutamani kwa kuiga. Tajiri mmoja wa mitumbwi akiacha karabai akanunua taa za sola, wenzake nao hawalali mpaka wazipate. Wanaotaka kitu kilekile hugombana, ugomvi huambukiza, mwisho wote wanamgeukia mmoja. Akishauawa panatulia, na kwa utulivu ule wanamwona ana nguvu zisizo za kawaida. Kwa Girard, tambiko na miungu vilianzia hapo. Sikubali kwamba dini zote zimeanza hivyo. Ila jambo moja alilishika barabara: wanaomtoa huyo mtu huamini kweli kwamba ana hatia.

Huku Usukumani tunalijua hilo. Bibi kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka yote, moshi umemfanya macho mekundu. Mtoto wa jirani anakufa, na bibi anaitwa mchawi. Waliokuja na mapanga hawakudhani wanamsingizia. Yule bibi ndiye mbuzi.

Kwa hiyo, kaka yangu mweka hazina, mbuzi mwache. Wewe chukua lile neno jingine: warudishie akina mama wa kikundi pesa zao, na hiyo itakuwa kafara yako.